Mlima Mfupi, Wikiendi Ndefu

Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote nchini Uingereza, una kimo cha mita 1,345. Uko magharibi ya Uskoti, juu ya mji mdogo wa Fort William, na kila mwaka hupandwa na watu zaidi ya laki moja. Miongoni mwao hawakosekani wanafunzi wa Afrika Mashariki wanaosoma Edinburgh, Glasgow au Dundee, ambao huuendea kwa sababu moja: wameisoma ile namba, wakacheka. Kilimanjaro ina mita 5,895. Lango la Marangu, mahali ambapo mpandaji wa Kilimanjaro ndiyo kwanza anaandika jina lake daftarini, liko juu kuliko kilele cha Ben Nevis. Mkazi wa Nairobi hulala, huamka na kugombania matatu katika kimo ambacho Mskoti hakifikii hata baada ya saa nne za kuhema. Kwa hesabu hizo Ben Nevis si mlima, ni tuta. Hesabu zenyewe hazina kosa, na ndizo zinazozaa karibu mikasa yote inayoelezwa hapa.

Hesabu hizo hazisemi safari inaanzia wapi. Njia ya Ben Nevis huanzia bondeni, Glen Nevis, mita chache tu juu ya bahari, kwa hiyo mpandaji huzipanda mita zake karibu zote. Hakuna gari lililompunguzia nusu. Mlima umeielekea Atlantiki katika latitudo ya 56 kaskazini, mahali ambapo Juni ni kiangazi kwa mujibu wa kalenda. Na hakuna mpagazi. Kilimanjaro mtalii haruhusiwi kupanda bila mwongozaji, na mizigo yake hubebwa na wagumu, kama wapagazi wa kule wanavyojiita, kila mmoja akiwa na kilo zisizozidi 20 za mwajiri wake. Ben Nevis haina lango wala kiingilio, na hakuna anayeuliza nani amepanda na nani ameshuka. Sheria ya ardhi ya Uskoti ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kutembea karibu popote apendapo. Haki ya kubebewa begi haimo.

Kundi la wapandaji huzaliwa WhatsApp, kwa kawaida Jumatano usiku, na ndani yake huwa na mtu wa Moshi. Huyu hukabidhiwa uongozi bila kura. Sifa yake ni kwamba Kilimanjaro inaonekana kutoka uani kwao. Kuipanda hajaipanda, kwa wenyeji wengi mlima ule hutazamwa asubuhi kujua kama mvua ipo, na hupandwa na aliyeajiriwa kuupanda. Lakini wenzake wa darasani walipomuuliza kama ameshafika kileleni alitabasamu, na tabasamu la Moshi likifika Ulaya husomeka kuwa ni ndiyo. Tangu hapo hajapata nafasi nzuri ya kulisahihisha.

Wengine ni kijana wa Mombasa mwenye kikoi na chupa ya chai, Mganda mtulivu aliyepewa begi la chakula kwa sababu ndiye mwenye mabega, Mskoti anayevaa kaptura miezi yote 12, na Mjerumani. Mjerumani ana ramani iliyopakwa plastiki, dira, fimbo mbili za kutembelea, filimbi na kifuko cha dawa. Kundi zima humcheka kuanzia Ijumaa jioni mpaka Jumapili saa nane mchana, muda ambao utafafanuliwa baadaye.

Vifaa vya wengine hutoka katika maduka ya hisani, yale yanayouza nguo zilizotolewa na watu. Mwanafunzi aliyelelewa na mitumba hujisikia nyumbani humo; koti ambalo lingemfikia sokoni Memorial au Gikomba baada ya miezi kadhaa, hulinunua kabla halijapanda meli. Tatizo ni lebo. Lebo husema koti linastahimili mvua, na kustahimili si kuzuia. Koti la aina hiyo hustahimili kwa robo saa, kisha huanza kushirikiana na mvua. Suruali huwa ni jinzi, ingawa kila mwongozo wa kupanda milima unaonya dhidi ya pamba, kwa kuwa pamba ikilowa huvuta maji, huwa nzito na huunyang'anya mwili joto. Viatu ni raba. Mjerumani huzitazama raba hizo kwa macho ya daktari aliyeona picha ya eksirei lakini hajaulizwa.

Jumamosi asubuhi ni ya Edinburgh, na mtu wa kwanza kuamkiwa ni David Livingstone. Sanamu yake ya shaba iko bustanini Princes Street, karibu na mnara wa Walter Scott, na mgeni aliyesoma historia ya darasa la sita humtambua haraka kuliko anavyowatambua wahadhiri wake. Livingstone amesimama peke yake. Susi na Chuma hawapo, ingawa baada ya kifo chake mwaka 1873 ndio walioongoza safari ya kuubeba mwili wake kutoka kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, hadi Bagamoyo. Kwa watu wanaokwenda mlimani bila wapagazi sanamu hiyo ingetosha kuwa onyo. Lakini kundi linashughulikia picha, na jua la Edinburgh likitoka hutoa dakika chache tu za kulitumia.

Mnara wa Scott una vidato 287 vya kuzunguka, vyembamba kiasi kwamba anayepanda na anayeshuka hawapishani bila kwanza kufahamiana. Kiongozi wa msafara huutangaza kuwa ni mazoezi. Huhesabu kwa sauti mpaka kidato cha 140, kisha huendelea kuhesabu kimoyomoyo, na akifika juu hutoa maelezo marefu kuhusu usanifu wa Kigothi, kwa vituo. Miguu iliyotumika hapo haitarudishwa, na kesho yake itadaiwa.

Kilima cha Calton hupendwa zaidi. Juu yake kuna Mnara wa Taifa, uliokusudiwa kufanana na hekalu la Parthenon la Athens na kuwakumbuka waliokufa katika vita dhidi ya Napoleon. Ujenzi ulianza mwaka 1826, fedha zikaisha mwaka 1829, na zikabaki nguzo 12 zilizobeba hewa. Waskoti waliupa jina la fedheha ya Edinburgh. Mgeni kutoka Afrika Mashariki haoni fedheha yoyote. Anaona mtu anayejenga kidogo kidogo, na swali lake pekee ni kwa nini hawakuacha nondo zichomoze.

Saa saba kamili mchana mzinga hulia katika Ngome ya Edinburgh, kila siku isipokuwa Jumapili na sikukuu chache. Umekuwa ukilia tangu mwaka 1861, ili manahodha wa meli zilizotia nanga katika ghuba ya Forth warekebishe saa zao. Meli hizo zimepata njia nyingine za kujua saa, mzinga haukupewa taarifa. Wenyeji wakiusikia hutazama mkono. Kijana wa Mombasa, aliyekulia karibu na Fort Jesus ambako mizinga imenyamaza siku nyingi, huinama chini na chipsi zake huenda juu, na shakwe wa Edinburgh, ambao saa hiyo wanaijua vizuri kuliko manahodha, huzipokea kabla hazijagusa lami. Hasara hiyo hupoozwa na mpiga zumari la mfuko aliyesimama njiani katika sketi yake ya mistari. Watalii hupanga foleni kumuuliza amevaa nini ndani. Kijana wa Pwani, ambaye amezaliwa kwenye vikoi na atazeekea kwenye vikoi, hana swali.

Mwanafunzi Mtanzania hawezi kuondoka mjini bila kuwaonyesha wenzake chuo kikuu alikosoma Julius Nyerere kuanzia mwaka 1949 hadi 1952. Mkenya huuliza Mwalimu alikuwa akila wapi ugali. Mjadala unaofuata huchukua muda wote uliotengwa kwa ajili ya kukata tiketi.

Treni ya kwanza hufika Glasgow kwa takriban saa moja. Ya pili, kutoka kituo cha Queen Street hadi Fort William, huchukua karibu saa nne, na wajuzi wa reli huihesabu kuwa miongoni mwa safari nzuri kuliko zote Ulaya. Ina mtego mmoja. Treni hiyo ni treni mbili zilizofungwa pamoja, na zikifika kituo kidogo cha Crianlarich hukatwa: mabehewa fulani huenda Fort William, mengine huenda Oban, mji wa bandari ulio upande mwingine kabisa. Tangazo hutolewa. Hutolewa waziwazi, mara kadhaa, kwa Kiingereza cha Glasgow, ambacho mtu aliyepata alama ya juu ya mtihani wa Kiingereza kule Kampala hukisikiliza kwa heshima, bila kufuata neno.

Mganda, aliyekuwa amekwenda behewa la jirani kutafuta kiti chenye nafasi ya begi, huwa amelala. Wenzake hugundua dakika kumi baada ya Crianlarich. Hugundua kwanza kwamba begi la chakula halipo, lenye chapati zote, mayai ya kuchemsha na kuku. Kwamba na mwenye begi hayupo, hilo hufuata baadaye kidogo. Simu haishiki mtandao milimani. Ujumbe wake huingia baada ya muda mrefu, ukiwa na picha ya bahari na maneno mawili: nimefika salama.

Baada ya hapo reli hukatiza Rannoch, bonde pana la mboji na vidimbwi lililokuwa likiyameza matuta ya reli kila yalipojengwa. Wahandisi walishinda kwa kuielesha njia juu ya matandiko ya matawi, mizizi, udongo na majivu, na mwaka 1894 treni zikaanza kufika Fort William. Stesheni ya Corrour, mita 408 juu ya bahari, haifikiwi na barabara yoyote ya umma. Kulungu husimama pembeni mwa reli wakitazama. Mkenya aliyezoea kuwaona tembo wa Tsavo kupitia dirisha la treni ya SGR hujikaza kuwashangilia, kwa adabu tu.

Hosteli ya Fort William ina jiko la pamoja, na ndani ya begi la kiongozi mna kitu kimoja cha kuliwa: dagaa wa Mwanza, pakiti nzima, zawadi ya shangazi. Unga hununuliwa dukani, ule wa ngano ya chengachenga ambao wanafunzi wa ughaibuni huusongea ugali wakikosa wa mahindi. Kukaanga dagaa katika jiko lenye kitambua moshi juu ya dari ni jambo linalofanyika mara moja maishani. Kengele hulia, milango hufunguka, na wageni wa mataifa yote hutoka nje kwa mavazi ya kulalia, kwenye manyunyu, huku msimamizi wa zamu akinusa hewa na kushindwa kuandika katika fomu yake kilichoungua ni nini. Kwa haki yake, hakuungua hata dagaa mmoja. Harufu hubaki jikoni mpaka asubuhi, na wanaokunywa uji wao hapo hula wakiwa wameelekea dirishani.

Usiku wa Juni nao una mambo yake. Jua huzama baada ya saa nne za usiku, na giza likija huja kwa shingo upande. Kijana wa Mombasa huingoja Magharibi kwa subira ya mtu aliyefunga. Isha ni tatizo jingine: programu tatu za simu humpa nyakati tatu, kwa kuwa katika latitudo hizo wekundu wa upeo haumaliziki vizuri na wataalamu hufuata njia tofauti za kukadiria. Huchagua mmoja. Alfajiri adhana ya simu hulia katika chumba cha vitanda vinane, saa tisa na kitu, na Mfaransa wa kitanda cha juu, ambaye jioni alikwisha kutolewa nje na dagaa, hushuka, hukunja blanketi lake na kwenda kulala sebuleni.

Mlima huanza saa moja asubuhi, na anayeanza kushambulia ni usubi. Wadudu hawa wadogo sana hupatikana nyanda za juu za Uskoti kuanzia mwezi Mei hadi Septemba, hupenda asubuhi tulivu zenye unyevu, na upepo ukivuma hutoweka. Kijana wa Mombasa huwadharau. Mtu aliyeishi na mbu wa Kisauni hatishwi na kitu kisichoonekana. Kosa la hoja hiyo ni kwamba mbu huja mmoja mmoja, akiimba, na anaweza kupigwa kofi. Usubi huja kama mkutano wa hadhara. Mjerumani hutoa chandarua cha kichwani na kuendelea na safari kimyakimya. Mskoti wa kaptura haumwi. Au anaumwa, hasemi.

Sehemu ya kwanza ya njia ni vidato vya mawe visivyolingana. Kiongozi huondoka kasi ili asili yake ionekane. Katika nusu saa anapitwa na familia yenye watoto, na muda si muda na bibi mwenye mvi akiwa na mbwa mdogo, wote wawili wakimsalimu. Ndipo anaposimama, anawageukia wenzake na kuwafundisha neno la Kilimanjaro: pole pole. Anaeleza kuwa ni mbinu ya kitaalamu, kwamba mwili unahitaji kuzoea hewa nyembamba. Wako mita mia mbili juu ya bahari, chini ya stendi yoyote ya Moshi, lakini hakuna mwenye pumzi ya kubishana.

Ziko salamu, na ni haki kuzitaja. Watu ambao mjini hukaa basi moja mwaka mzima bila kutazamana, mlimani humsalimu kila mpita njia, humuuliza hali na humtakia heri. Wanaoshuka huongeza uongo mmoja wa hisani: kwamba imebaki kidogo tu. Mwanafunzi aliyewahi kuuliza njia kijijini kwao, akaambiwa ni hapo tu, kisha akatembea mpaka jua likachwa, angetarajiwa kuijua lugha hiyo. Haijui. Huamini kila mara, na kila mara hufungua pakiti ya biskuti kusherehekea.

Ziwa dogo lililo karibu na mita 570 wengi huliita la katikati. Halipo katikati, kimo kikubwa zaidi bado kinangoja. Hapo ndipo kundi hukaa, hula maandazi mawili yaliyopatikana mfukoni mwa Mskoti, na kusoma ujumbe mpya kutoka Oban, ambako mwenzao anakula samaki wa asubuhi gatini. Maganda ya ndizi hutupwa kando kwa imani kuwa yataoza. Katika baridi ile hayaozi haraka, na watu wa shirika la John Muir Trust, linalomiliki eneo la kilele tangu mwaka 2000, pamoja na wanaojitolea kusafisha, huyaokota moja moja. Mjerumani huyarudisha begini kwake, ya watu wote. Ndiye mpagazi pekee aliyeonekana siku hiyo, na hakulipwa.

Baada ya kijito cha Red Burn njia huanza kupinda kushoto na kulia, mawe matupu, na hali ya hewa hubadilisha mawazo. Joto hupungua nyuzi sita hivi kwa kila mita 1,000, ila takwimu hiyo haikujumuisha upepo. Manyunyu huwa mvua, mvua huwa chenga za barafu. Koti la duka la hisani humaliza robo saa yake. Jinzi hunywa maji mpaka zikavutwa chini na uzito wake, na wenye jinzi hulazimika kupanda kwa mkono mmoja, mwingine ukishughulikia mkanda. Kijana wa Mombasa hujitanda kikoi juu ya kofia, kikoi juu ya kikoi. Chai ya tangawizi ndiyo kitu pekee kinachofanya kazi kama kilivyoahidi. Kila anayeonja hutaka kujua inauzwa wapi.

Kilele ni uwanda mpana wa mawe uliojaa ukungu. Kinachoonekana ni nguzo, kibanda cha dharura na magofu ya kituo cha hali ya hewa kilichofunguliwa mwaka 1883 na kufungwa mwaka 1904. Kwa miaka ile yote watu waliishi huko juu wakipima mvua, upepo na baridi kila saa, usiku na mchana, jambo ambalo mtu aliyekaa hapo dakika tisa huliona kuwa adhabu ya mahakama. Wapo waliofaidika. Charles Wilson, mwanafizikia kijana, alikaa kituoni hapo Septemba 1894, akaona duara za rangi zikizunguka kivuli chake juu ya mawingu, akarudi maabara kujaribu kutengeneza mawingu yake mwenyewe. Kifaa alichobuni, kinachoonyesha nyayo za chembe zisizoonekana, kilimpa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1927. Mwanafunzi wa leo hupata mafua kutoka mawingu hayohayo, bila tuzo.

Suala la mzigo limewasumbua Waskoti wenyewe kwa njia ya ajabu. Mwaka 1911 gari la Ford lilifikishwa kileleni, kazi ya siku kadhaa, ili kuonyesha kwamba Ford inaweza. Mwaka 2006 wasafishaji wa kujitolea walifukua kinanda chini ya rundo la mawe, dunia ikajiuliza kimefikaje, na ikabainika kuwa mkata miti mmoja alikibeba mgongoni mwaka 1971 kuchangisha fedha za hisani. Kiongozi wa msafara, ambaye kwenye kona ya mwisho alimwomba Mskoti amshikie chupa ya maji, huisikia habari hiyo na kunyamaza.

Bendera za Tanzania na Kenya hutolewa na picha hupigwa. Mandhari ni nyeupe pande zote. Picha ikitumwa Moshi, mama huuliza kwa nini wamepigia picha jikoni, kwenye mvuke wa makande.

Saa nane mchana hiyo ndipo kicheko kinapobadilisha mwenyewe. Simu zote zenye ramani zimezimika, kwani betri hudhoofika kwenye baridi, na ukungu umefuta njia. Kaskazini ya kilele kuna majabali yanayoporomoka mamia ya mita, na makorongo yake huingia ndani ya uwanda karibu na pale watu wanapopita. Kiongozi anaonyesha upande mmoja kwa kidole kisicho na shaka. Mjerumani anafungua ramani yake ya plastiki: kutoka nguzo ya kileleni ni digrii 231 za ramani kwa mita 150, kisha digrii 282 mpaka kwenye njia. Anahesabu hatua kwa sauti, kwa Kijerumani, na kundi zima linahesabu naye kwa Kijerumani. Uongozi hukabidhiwa hapo, bila kura kama ulivyopatikana. Upande wa kile kidole, ramani iliandika jina la korongo.

Kushuka hakuna mengi isipokuwa magoti. Mapaja yaliyotumika kwenye vidato 287 vya Jumamosi huwasilisha madai yao, na kuna sehemu ambazo mtu hushuka kwa kukaa, uamuzi ambao jinzi hulipia. Safari nzima, kwenda na kurudi kilomita 17 hivi, huchukua saa saba hadi tisa kwa watu wa kawaida. Kundi hili huchukua kumi. Treni za Jumapili ni chache, na ya mwisho huwakuta wakikimbia stesheni kwa mwendo ambao abiria wengine hudhani ni ugonjwa. Hukaa behewani wakichuruzika, na viti vya jirani huachwa wazi pande zote.

Crianlarich mabehewa ya Oban huunganishwa tena. Mlango hufunguliwa na Mganda huingia, mkavu, amenyoa, uso una rangi ya mtu aliyelala hadi saa tatu. Amekula kome, amezungumza na wavuvi, na amepanda kilima kifupi kutazama mnara wa McCaig, jengo la duara mfano wa Kolosai ya Roma ambalo tajiri wa benki alilianza mwaka 1897 na kulikatiza kwa kufa mwaka 1902. Anawaeleza kwamba nchi hii ina majengo mengi ambayo hayajaisha. Kisha anafungua begi. Chapati zimebaki nne na kuku amebaki shingo, amejitahidi kuwatunzia.

Jumatatu mwanafunzi ana kikao na msimamizi wa tasnifu, ghorofa ya pili. Kupanda ngazi anaweza. Kushuka hushuka kinyumenyume, ameshika ukuta, akiwaambia wanaompisha kwamba ametoka mlimani. Wakimuuliza mlima gani, huutaja, na akiulizwa kama haukuwa mdogo kwake, hutabasamu.

Anayekusudia kwenda na aulize mapema behewa lipi linafika Fort William, agawe chakula katika mabegi yote, na aache jinzi chumbani. Ramani ya karatasi na dira si mapambo, na kujifunza kuvitumia huchukua alasiri moja katika bustani yoyote. Ukungu ukimshinda, apige 999, aombe polisi, kisha waokoaji wa milimani. Hao ni watu wa kujitolea, mafundi na walimu wenye kazi zao Jumatatu, na huduma yao hailipiwi.